Kigoma Imepigwa Picha Sana, Nani Anazijibia?

Tukio la Kigoma linalojulikana kuliko mengine yote duniani halina picha. Mwaka 1871 Henry Morton Stanley alimkuta David Livingstone pale Ujiji, na hakuna kamera iliyolinasa. Kinachorudiwa vitabuni tangu siku hizo ni mchoro: wazungu wawili wanavuliana kofia, na nyuma yao umati wa watu wa Ujiji umepangwa kama ukuta. Picha za kamera zilikuja mwaka uliofuata, tena mbali na Ujiji. Stanley aliingia kwenye studio moja ya London mwaka 1872 akiwa na mavazi yake ya safari, akasimama na mtoto wa Kiafrika aliyeitwa Kalulu, wakapigwa picha ndani ya chumba kilichopambwa kifanane na nchi yetu. Watu walizinunua picha hizo wakaziweka majumbani mwao. Kalulu mwenyewe alikuwa mtumwa, aliyetolewa zawadi kwa Stanley na mfanyabiashara Mwarabu huko Unyanyembe, Tabora. Alikufa maji mwaka 1877 katika Mto Kongo, bado kijana, akiwa kwenye safari nyingine ya Stanley yule yule.

Mimi ni mpiga picha wa Kigoma. Nimeishi kwa kazi hii nikipiga harusi, mikutano ya hadhara, picha za paspoti, na pale nilipopata nauli, safari: reli hadi Tabora, boti za ziwani, ng'ambo ya Kongo, Burundi, na mara chache Ulaya. Na kila ninapoulizwa, hasa na vijana wanaoanza, ni safari ipi inampa mtu picha nzuri, naona swali lenyewe limekaa vibaya. Wengi wanaamini picha nzuri iko mbali. Ukienda mbali zaidi, macho yako yatafunguka zaidi. Kuna ukweli humo, nitaufikia. Lakini jambo ninalolipima mimi kwanza ni lingine: je, mtu uliyempiga anaweza kukufikia akakuuliza? Safari ya karibu inakulazimisha ujibu. Safari ya mbali inakuachilia. Na mkoa wetu, kwa zaidi ya miaka mia moja, umepigwa picha kwa wingi na watu walioachiliwa.

Nenda Katonga, mwalo wa wavuvi hapa Kigoma, asubuhi, wakati boti zinarudi na dagaa wa usiku. Kuna moshi wa vibanda vya chai, kuna makopo, kuna kelele za bei, na kina mama wanamwaga dagaa juu ya mchanga na kwenye chanja ili jua likipanda wakute wameshaanza kukauka. Hakuna mpiga picha anayefika pale asiinue kamera. Mwanga wa asubuhi unatoka nyuma ya vilima vya mji, dagaa wanang'aa, kanga zina rangi zote. Ukiwa mgeni, utapiga, utatabasamu, utaondoka na gari lililokuleta. Mimi siwezi. Nikifika lazima nianze na shikamoo, kisha niulizwe habari za mke wangu, kisha mama mmoja aniambie, "Mwanangu, yule mzungu wa juzi juzi alinipiga hapa hapa nilipokaa. Ile picha ilikwenda wapi?" Hamjui mzungu huyo, nami simjui. Ila kwa kuwa nina kamera kama yake, deni lake nalidaiwa mimi.

Swali hilo lina mantiki yote. Mama huyu ameona watu wakichukua kitu kutoka kwake kwa miaka, na hajaona kikirudi. Hajui kama sura yake iko kwenye kalenda, kwenye tangazo la shirika, au kwenye ukuta wa mtu. Anachojua ni kwamba aliyeichukua hawezi kupatikana. Ndiyo maana siku hizi mwaloni utasikia bei ikitajwa kabla hujafungua kifuniko cha lenzi, na wageni wanalalamika kwamba watu wa Kigoma wamekuwa wapenda hela. Mimi nawaelewa. Mtu akijua hataiona picha yake tena, pesa ndiyo njia pekee iliyobaki ya kupata chochote.

Kuna hasara nyingine ya kupita haraka, nayo ni ya ukweli wenyewe wa picha. Mwaka 2024 nchi zinazochangia Ziwa Tanganyika zilikubaliana kupumzisha uvuvi, na kwa upande wetu shughuli zikafungwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Mialo iliyozoea kujaa ikawa kimya. Chukua mpiga picha aliyefika Juni, akakuta mitumbwi imepakiwa ufukweni, chanja tupu, vijana wamekaa kivulini. Picha yake itakuwa sahihi kwa kila alichokiona, na itadanganya kabisa. Atakayeitazama ataona kijiji kilichokata tamaa, wakati kilichopo ni watu wanaosubiri tarehe, wengine kwa uchungu wa haki kwa sababu kipato kimekatika, wengine wakiamini ziwa litawalipa. Habari hiyo yote iko nje ya fremu. Inapatikana tu kwa mtu aliyekuwepo Aprili na atakayekuwepo Septemba.

Hapa ndipo wenzangu huniambia: lakini wewe mwenyeji umezoea, huoni tena. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Nakubali. Mimi nilipita mbele ya kituo cha reli cha Kigoma utoto wangu wote bila kukitazama, jengo lile kubwa la Wajerumani juu ya bandari, mpaka nilipokwenda nchi nyingine nikaona vituo vyao ndipo nikarudi na kukiona kwa mara ya kwanza: jinsi lilivyojengwa kubwa kuliko mji wenyewe wa wakati ule, kwa sababu reli iliyofika hapa mwaka 1914 ilikusudiwa kuvuta mali ya Kongo, na wenye reli walitaka jengo linalosema hivyo. Macho hayo nilipewa na safari ya mbali na nashukuru. Ninachokataa ni kwamba macho yanatosha.

Nilipokwenda Ujerumani kwa ajili ya maonesho, kijana aliyenipokea alinieleza jambo moja kabla sijatoa kamera kwenye begi. Aliniambia nisichapishe wala kuonesha hadharani picha ya mtu bila idhini yake, kwani sheria yao inamlinda mwenye sura. Nilimuuliza ni sheria ya lini. Ya mwaka 1907.

Nimeifuatilia tangu siku hiyo, kwa sababu mwaka huo si mgeni kwetu. Chanzo chake ni kifo cha Otto von Bismarck, chansela wa zamani wa Ujerumani, mwaka 1898. Wapiga picha wawili, Max Priester na Willy Wilcke, waliingia usiku kwenye chumba ulimolazwa mwili wake wakampiga picha kitandani kwa siri, wakakusudia kuiuza. Familia ikashtaki, wakafungwa, na Ujerumani nzima ikaingia kwenye mjadala kuhusu nani ana haki juu ya sura ya mtu. Mjadala ule ukazaa sheria ya Januari 1907, kwamba picha ya mtu isisambazwe wala kuoneshwa hadharani pasipo ridhaa yake, isipokuwa kwa hali chache zilizotajwa. Vifungu vyake vya picha bado vinatumika.

Sasa weka mwaka 1907 kwenye ramani yetu. Ndio mwaka vita vya Maji Maji vilivyozimwa. Reli ya Kati ilikuwa imeshaanza kutoka Dar es Salaam kuelekea Tabora. Wapiga picha wa Kijerumani walikuwa wakizunguka nchi hii wakipiga wapagazi, askari, machifu, wanawake vifua wazi, wafungwa wenye minyororo shingoni. Walther Dobbertin alikuwa na biashara yake ya picha Dar es Salaam, na kazi zake sasa ziko kwenye hifadhi ya taifa ya Ujerumani. Makumi ya maelfu ya picha za makoloni yapo kwenye maktaba ya chuo kikuu cha Frankfurt, na unaweza kuyatazama kwa intaneti ukiwa umekaa mtaa wa Mwanga hapa Kigoma. Nimeyatazama. Chini ya picha nyingi kuna neno moja tu: "mwanamke", "mpagazi", "kijana wa" kabila fulani. Nchi moja, kwa wakati mmoja, iliamua kwamba sura ya Mjerumani ni mali yake mwenyewe, na sura ya Mnyamwezi ni mali ya aliyeshika kamera.

Sisemi hivi ili tuwachukie Wajerumani wa leo. Kijana yule aliyenipokea alikuwa mtu mwema, na ndiye aliyenifungua macho. Nasema kwa sababu mgawanyo ule bado uko ndani ya kazi yetu, na tumeurithi hata sisi wapiga picha weusi. Niliporudi nilianza kuwachunguza wenzangu wa hapa, na nilichokiona hakikunifurahisha. Mpiga picha wa Kigoma mjini akipiga harusi ya mtu mwenye hela, atapeleka albamu, atauliza picha gani zisitoke. Akienda kijijini Uvinza kupiga wachimba chumvi, atapiga kama Dobbertin. Hakuna jina, hakuna kurudi. Umbali unaohesabika hapo sio kilomita.

Meli yetu ya Liemba inaonesha jambo lile lile. Hakuna chombo kilichopigwa picha zaidi katika ziwa hili. Ilijengwa Papenburg mwaka 1913 ikiitwa Graf von Goetzen, ikafunguliwa vipande vipande, ikaletwa kwa makasha hadi Kigoma na kuunganishwa hapa. Ikaingia majini mwaka 1915, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916, ikaibuliwa na Waingereza na kurudi kazini mwaka 1927. Kila msafiri aliyeandika juu yake anazijua habari hizi. Mafundi watatu waliotoka Papenburg kuja kuiunga tunajua majina yao mpaka leo: Anton Rüter, Hermann Wendt na Rudolf Tellmann. Vibarua wa hapa waliobeba mabati na kugonga ribiti, na ambao kwa vyovyote wajukuu wao wako Ujiji na Bangwe, sijawahi kuyakuta majina yao chini ya picha yoyote.

Na meli hiyo hiyo ndiyo iliyowabeba wakimbizi wa Burundi Mei 2015. Makumi ya maelfu walikuwa wamekwama Kagunga, kijiji cha mpakani kisicho na barabara, kati ya mlima na maji. Kipindupindu kikaingia. Liemba ikawa inakwenda na kurudi, inawashusha bandarini Kigoma, wanapelekwa uwanja wa Lake Tanganyika kisha mabasi ya kambi ya Nyarugusu. Waandishi na wapiga picha wakaja kutoka kila upande wa dunia, nami nikawa kati yao kwa kuwa nyumbani ni hapa.

Nataka kuwa mwadilifu juu ya siku zile. Picha zilisaidia. Bila picha za ule ufukwe uliojaa watu, msaada ungechelewa, na watu walikuwa wanakufa. Huwezi kumwomba mama mwenye mtoto anayeharisha asaini karatasi ya idhini. Anayedai ridhaa kabla ya kila picha, bila kuangalia hali, hajasimama mahali kama pale. Lakini hali ya dharura huisha, na picha inabaki kazini. Miezi ikapita, miaka ikapita, watoto wale wakahamia Nyarugusu, wakaanza shule, wakakua. Sura zao zilibaki pale pale ufukweni, zikichapishwa upya kila mtu alipohitaji kuonesha shida, hata shida isiyohusu Burundi. Mpiga picha aliyeandika jina la mtoto na la mzazi wake siku ile angeweza kuwatafuta baadaye. Waliofanya hivyo walikuwa wachache. Wengi walishapanda ndege kabla ya Liemba kumaliza safari zake.

Mwenyeji hakuwa na ndege ya kupanda. Baadhi ya watu niliowapiga uwanjani nilikutana nao tena, sokoni Kasulu na kwenye vituo vya mabasi. Mmoja aliniomba nifute picha yake, nikaifuta. Mwingine aliniomba nimchapishie kubwa, kwa sababu ndiyo picha pekee iliyopo ya mama yake. Katika miaka yangu yote hakuna picha niliyoisafisha kwa uangalifu kama ile.

Hifadhi ya sokwe ya Gombe iko umbali wa safari fupi ya boti kutoka Kibirizi, na ulimwengu unaijua kwa picha kuliko kwa maandishi. Jane Goodall, mtafiti wa sokwe aliyefariki Oktoba 2025, alifika pale Julai 1960. Mwaka 1962 akaja Hugo van Lawick na kamera zake, na kupitia kazi yake watu wa kila nchi wakaona sokwe akichokonoa kichuguu na msichana wa Kiingereza akimtazama. Ni picha nzuri sana na siwezi kuzitazama bila heshima. Ninachokitafuta ndani yake ni watu wengine waliokuwepo: Rashidi Kikwale aliyempitisha Goodall milimani siku za mwanzo, Hilali Matama na wenzake wa vijiji vya jirani waliofuata sokwe kwa miguu mwaka baada ya mwaka. Mei 1975 waasi kutoka ng'ambo waliwateka wanafunzi wanne, wageni wakaondoka, na utafiti haukukatika kwa sababu Watanzania hawa waliendelea kuandika kumbukumbu kila siku. Tafuta picha zao. Zipo, chache, na mara nyingi wako pembeni. Van Lawick alikuwa na sababu zake, alitumwa kupiga sokwe. Sisi tuliozaliwa hapa tulikuwa na sababu gani ya kutopanda boti kwenda kuwapiga wazee wale wakiwa hai?

Hilo ndilo linaloniuma zaidi ya yote niliyotaja. Tumekubali kwamba Gombe, Mahale na Liemba ni vitu vya kupigwa na wageni, sisi tukabaki na harusi. Safari ya karibu tumeidharau. Kijana mwenye kamera Kigoma anawaza Serengeti, Zanzibar, Dubai. Hawazi kupanda treni hadi Kaliua akae kwa wafuga nyuki wa miombo wakati wa kuvuna asali, wala kukaa Simbo wanapokamua mawese. Na hao wangemjua. Wangemuuliza ni mtoto wa nani. Wangemwita mwaka unaofuata, wakamwambia picha moja haikuwapendeza, akalazimika kueleza kwa nini aliipiga hivyo. Sijui shule ya upigaji picha inayofundisha zaidi ya hapo.

Tena tulikuwa na watu wa kazi hii. Studio za Ujiji na Mwanga, zenye pazia lililochorwa nyumba ya ghorofa au ndege au bustani, zilipiga vizazi vitatu vya mji huu: wavulana waliorudi kutoka mkongeni Tanga wakiwa na redio, mabibi harusi, mapacha, wazee wenye kanzu na fimbo. Mpiga picha wa studio alimjua kila aliyeketi mbele yake, na kila aliyeketi alirudi kuchukua nakala yake na kulalamika akiona kasoro. Bamako huko Mali, Seydou Keïta alifanya kazi ya namna hiyo hiyo tangu 1948, na kwa kuwa negativu zake zilitunzwa dunia imemweka kati ya wakubwa. Hata yeye, picha zake zilipooneshwa New York mwaka 1991, ziliwekwa bila jina lake. Alikuwa hai, Bamako, anafikika.

Negativu zetu hazijatunzwa hivyo. Wenye studio walipohamia kamera za dijitali, makasha ya filamu yalisukumwa stoo, na hewa ya ziwani haina huruma na filamu. Wengine wamefariki na watoto wao wameyatupa ili kupata nafasi. Maji ya ziwa yalipopanda miaka ya karibuni yakala nyumba za pwani, sijui ni makasha mangapi yaliyokwenda nayo.

Ujiji kuna makumbusho ya Livingstone, mahali pale pale pasipo na picha ya 1871, na wageni hulipa kuingia. Ndani wanakuta sanamu na michoro ya mkutano wa wazungu wawili. Napendekeza chumba kimoja kitengwe kwa picha za studio za Ujiji na Mwanga, zenye majina, na wenye nyumba waalikwe kuja kuwatambua wazee wao, waseme ipi ioneshwe na ipi irudishwe kabatini. Nchi sasa ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, hivyo kuomba ridhaa si hisani ya mpiga picha tena, na ni vizuri tujifunze kuiomba kwa watu tunaowajua kabla hatujaenda kwa tusiowajua. Maktaba ya Frankfurt nayo ina picha za mkoa huu. Iandikiwe, nakala zije, na wazee wa Ujiji waulizwe kama wanaona sura yoyote wanayoweza kuitaja kwa jina.

Nimeshazungumza na warithi wa baadhi ya wenye studio. Wako tayari kutoa makasha, wanachouliza ni yataletwa wapi na nani atasaini kuyapokea. Swali hilo halmashauri inaweza kulijibu kwa barua moja, na mvua za mwaka huu hazijaanza bado.